Kigari Tulichokiita Furu

Mwanangu Magesa,

Habari za chandarua, masufuria na namna ya kuishi na watu wa Singida mnakohamia mama yako amekwisha kuwapa tangu asubuhi, wewe na mkeo Rehema, na kwa hayo mimi siwezi kumzidi. Nimekaa barazani. Jua bado liko juu ya ziwa, na nyumba imenyamaza kwa sababu amewapeleka Butiama kumuaga bibi. Nimeona nishike kalamu kabla hamjarudi. Ukiwa mbele yangu nitaanza kukohoa na kukuuliza habari za mvua, kama tulivyozoea mimi na wewe.

Nataka kukuhadithia habari za gari.

Jina lake unalijua. Mama yako akilitaja Furu anacheka; mimi nikitajiwa nageuza maneno. Wadogo zako husema, "Baba ana wivu hata na gari bovu," mnacheka nyote, na mimi nacheka nanyi. Ni kweli. Mimi ni mtu wa wivu, na hapa Buhare hilo si siri. Hata wanakwaya wanajua. Mama yako akichelewa mwaloni kununua samaki, chai inakuwa chungu mdomoni mwangu hata kama sukari imezidi. Lakini kisa chenyewe hamjawahi kukisikia kutoka kwangu, tangu kichwa mpaka mkia, na leo nina sababu ya kukupa wewe.

Ilikuwa miaka ya shida. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, na maduka yamebaki na rafu tupu. Mimi nilikuwa kijana, karani wa ofisi ya pamba pale Bunda, mwenye suruali moja ya heshima. Nikipata nafasi nilipanda lori la pamba kuja Musoma, kwa sababu huku kulikuwa na duka la ushirika lililokuwa linapata sabuni, na nyuma ya kaunta ya duka hilo alikuwepo msichana wa Kijita anaitwa Tabitha, aliyekuwa anakata miche ya sabuni kwa waya. Wengine walikata upande. Yeye alikata ikanyooka kama imepigwa rula, na kila mtu kwenye foleni akaona amepata haki yake. Nikapanga foleni siku ya kwanza. Wiki iliyofuata nikapanga tena. Safari iliyofuata akaniangalia usoni.

"Kaka, wewe si juzi ulikuwa hapa? Hii sabuni unakulaga?"

"Bunda kuna vumbi," nikamjibu.

"Basi anza na kichwa."

Foleni nzima ikaangua kicheko, maana nilikuwa nimesafiri juu ya marobota na nywele zangu zote zimejaa pamba kama mzee wa miaka mingi. Nikajishika kichwa, nikaiona ile pamba kiganjani, nikacheka na mimi. Hapo nikanasa.

Tabitha alikuwa anaishi na shangazi yake huku huku Buhare. Wakati huo palikuwa mashamba ya mihogo na uwanja mpana wa kuchungia ng'ombe. Nikaanza kuja kumtembelea, na shangazi akawa ananipa uji, dalili kwamba sijafukuzwa. Jumamosi moja nikafika mapema kuliko nilivyoahidi. Kwenye ule uwanja nikaona kigari kinakwenda kwa kurukaruka, kama mbuzi anayevutwa kwenda sokoni naye hataki. Kinaruka, kinazima, kinawaka, kinaruka tena. Vumbi lilikuwa jingi, sikuwaona vizuri waliokuwemo, ila nilisikia kicheko. Kicheko kile nilikijua. Ndicho nilichokuwa nakisafiria kutoka Bunda. Gari liliposimama akashuka Tabitha, ana grisi mkononi mpaka kwenye kiwiko, na upande wa pili akashuka kijana mrefu aliyevaa shati jeupe.

Kijana yule aliitwa Idrisa. Baba yake alikuwa fundi cherehani mjini Musoma, yeye mwenyewe alikuwa fundi redio. Lile gari alilinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akawa anazunguka nalo vijijini kukusanya redio zilizokufa.

Nikueleze lilivyokuwa. Lilikuwa dogo kiasi kwamba mtu mzima akikaa nyuma, magoti yanafika kidevuni. Rangi yake ya kwanza ilikuwa buluu, lakini mimi nilikuta kutu, na buluu imebaki viraka viraka. Sakafu ya nyuma ilikuwa imelika. Ukiinama unaona barabara inapita chini ya miguu yako, na mvua ikinyesha unapandisha miguu kitini. Honi yake ilikuwa na mafua. Watoto wa Buhare ndio waliomwita Furu, kama wale samaki wadogo wa ziwani, kwa sababu alikuwa mdogo na mwenye miiba kila mahali; usipoangalia unatoka na shati limechanika.

Nikamuuliza shangazi, kwa sauti ya mtu asiyejali, yule kijana ni nani.

"Idrisa? Anakujaga kila Jumamosi," akasema, huku anapara samaki. "Kijana ana adabu yule. Ingekuwa si mambo ya dini, ningemwambia kaka yangu apokee ng'ombe zake leo hii."

Watu husema wivu unawaka kama moto. Mimi uliniingia kama baridi, kuanzia miguuni. Nikanywa uji wote, nikausifu, nikaondoka bila kumuaga Tabitha, na juu ya lori mpaka Bunda nikawa nalitukana lile gari kimoyomoyo, kutu moja baada ya nyingine.

Muda mfupi baadaye nikatuma wazee. Tabitha akakubali. Nilishangaa, na hata leo nashangaa kidogo. Tukafunga ndoa kanisani, nikamhamishia Kabasa, pale Bunda, kwenye vyumba viwili nilivyokuwa nimepanga. Kazi ya duka akaiacha. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kuiacha, na wa kwanza kutomuuliza ni mimi.

Baadaye ikaja ile misako ya wafanyabiashara. Idrisa alikuwa na vipuri vya redio vilivyovuka mpaka wa Kenya bila kupiga hodi. Akaogopa, akaamua kumfuata mjomba wake Mombasa, akatangaza kuuza gari. Nikalinunua mimi.

Nilitoa ng'ombe nilioachiwa na babu yako, nikatoa na baiskeli. Wenzangu ofisini wakasema karani kapata wazimu, petroli yenyewe iko wapi? Walidhani nataka makuu. Wala. Nilinunua lile gari kama mtu anavyonunua shamba la adui yake, ili adui asiwe na mahali pa kurudi. Niliwaza kwamba kiti alichokaa mchumba wangu karibu na mwanamume mwingine kikiwa changu, na yote yaliyopita ndani yake yatakuwa yangu.

Dereva wa lori la pamba akanifundisha, nikapata leseni, nikalileta Kabasa nikipiga ile honi yenye mafua tangu kona ya mbali. Mama yako akatoka ana unga mikononi. Alipoona, akapiga kigelegele. Mimi nimeshashuka, nimefungua mikono. Akanipita, Magesa. Akanipita kama nguzo ya umeme, akaenda kuweka viganja vyote viwili juu ya boneti, vidole vyake vikabaki vimechorwa kwa unga.

"Furu," akasema, "umefikaje huku?"

Alikuwa analiuliza gari.

Tangu siku hiyo nikawa naishi na adui uani kwangu, na nimemleta mwenyewe. Mlango wa abiria ukigoma, mimi nilihangaika nao kwa bisibisi. Mama yako alikuja akaupiga kwa nyonga, ukafunguka. Tangi likaanza kuvuja. Kabla sijamaliza kuinama, yeye ameshachukua kipande cha sabuni, amekikanda, amekibandika kwenye tundu, na petroli imekatika. Asubuhi za baridi alikuwa anasema, "Usikanyage sana mafuta, linakabwaga." Kila alichokijua kilinichoma. Amekijua kutoka kwa nani? Jibu nilikuwa nalo, refu, limevaa shati jeupe.

Siku moja akaniomba. "Karani," ndivyo alivyokuwa ananiita kabla hujazaliwa, "nishikeshike usukani kidogo. Mpaka pale kwenye mkwaju tu."

"Mke wa karani ahangaike na gia barabarani? Watu watasemaje?"

"Haya," akasema. Hakuomba tena, na mimi nikajiona nimeshinda.

Usidhani siku zote zilikuwa chungu. Tulikwenda nalo Butiama kumsalimia bibi yako, na pale penye mlima Furu alilemewa kabisa. Mama yako alishuka akatembea pembeni, akatupita, akakaa juu ya jiwe kutusubiri, akanipungia mkono kama bibi harusi. Bibi yako alilizunguka lile gari akasema, "Hiki mmekiokota wapi?" Kisha akapanda, akakataa kushuka mpaka tumzungushe kijiji kizima.

Ninachokikumbuka kuliko vyote ni Jumapili. Kulikuwa na amri kwamba Jumapili mchana magari yasitembee, kwa sababu mafuta yalikuwa haba nchi nzima. Basi tukitoka kanisani tulikaa ndani ya Furu palepale uani, madirisha yameshushwa, tunakula mihogo ya kuchoma na kutazama kuku. Mvua ikinyesha, bati lilipiga kelele mpaka tukawa tunaongea kwa mayowe. Na harufu ya vile viti, mwanangu! Vumbi, petroli, jua lililochoma kiti siku nyingi, na sabuni. Nikikutana na harufu inayokaribia ile, hata leo, nasimama njiani.

Mama yako alipenda kukaa upande wa usukani. Aliushika kwa mikono miwili akaangalia mbele, kwenye ukuta wa udongo wa jirani, kana kwamba ukuta ule una mwisho mbali sana.

"Tunakwenda wapi?" namtania.

"Mwanza. Leo tunalala Mwanza."

Nilidhani ni mchezo. Nilikuwa na furaha ya kutosha mtu mzima, kisha nikakumbuka lile shati jeupe, nikamwambia asogee.

Ukaja wewe. Siku zako zilipofika, mkunga wa Bunda akasema mtoto amekaa vibaya, mama apelekwe hospitali ya mkoa Musoma. Nilikuwa nimeficha petroli kwenye dumu chini ya kitanda kwa ajili ya siku hiyo. Tukaondoka asubuhi, mama yako amejikunja kiti cha nyuma juu ya magunia, na yule shangazi yake, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya uzazi, amebanana naye. Kiabakari tukapita salama. Karibu na njia panda ya Butiama, Furu akakohoa, akanyamaza.

Nikawasha. Kikasikika "ka" kimoja tu. Nikawasha tena, hata hicho hakikuja. Barabara tupu mbele na nyuma, jua limeanza kuuma. Mama yako akapiga ukelele, na shangazi akasema, "Baba, fanya kitu, mtoto ananifia mkononi!" Nikafungua boneti nikabaki nimeduwaa. Sikuwa najua hata kimoja kati ya vile vyuma vilivyokuwa vinanitazama.

Kisha nikasikia sauti kutoka nyuma, ya mtu aliyebana meno. "Starta. Iko chini, kushoto. Chukua spana ile kubwa uigonge. Siyo kwa nguvu. Kama unabisha hodi."

Nikagonga kama nabisha hodi. Nikakimbilia ufunguo. Furu akawaka.

Musoma hatukufika. Tulikata kwenda kwetu Butiama, kwenye zahanati, na nesi mmoja mwenye mikono mipana kama makasia akakugeuza, akakutoa, ukalia. Ulikuwa msimu wa mavuno, ukaitwa Magesa.

Sasa sikia nilichofanya. Mke wangu amelala pale, ametoka kuchungulia kaburi. Mtoto wetu wa kwanza yuko kifuani pake, mzima. Nikaingia, nikakuangalia, nikakugusa kisigino. Halafu nikasema, "Ile ya starta, nani alikufundisha?"

Akanitazama. "Hata leo?" akasema. Akageukia ukutani na wewe.

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Sikunyamaza. Niliuliza tena tuliporudi nyumbani, nikauliza kwenye chakula, nikauliza wewe ukiwa mgongoni kwake. Jibu lake likawa moja: "Unamjua." Basi nikaamua adui atoke. Msagishaji mmoja wa Nyamuswa alikuwa anatafuta injini ya mashine ya unga, maana mpya zilikuwa hazipatikani hata kwa dawa. Nikamuuzia ya Furu. Wakaja wanaume na mnyororo, wakaing'oa kama jino. Mama yako alikuwa amekaa mlangoni anakunyonyesha. Machozi yakamtoka bila sauti, yakakudondokea usoni, ukaacha ziwa ukawa unashangaa. Na mimi, Mungu anisamehe, niliyaangalia yale machozi nikasema moyoni: si unaona? Bado anamlilia.

Bodi likabaki uani, kuku wakawa wanataga ndani yake. Sisi tukarudi kwenye miguu na malori. Wadogo zako wakazaliwa. Nyumba haikuwa na ugomvi tena, na nilidhani huo ndio utulivu. Mama yako alikuwa mpole, alipika, aliimba kanisani. Ila hakuniambia tena kuwa leo tunalala Mwanza.

Kisha ikaja ruksa ya kufanya biashara. Maduka yakajaa kama mchezo, mitumba ikamwagika kila gulio, sabuni zikawa za rangi zote. Ziwani sangara akawa dhahabu. Furu wenyewe, wale samaki, walikuwa wamemalizwa na huyo huyo sangara. Ofisi yetu ya pamba ikapunguza watu, na mimi nikawa mmoja wao. Yakaanza kuingia magari ya mtumba kutoka Japani, yameandikwa ubavuni maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Siku moja likasimama moja mbele ya mgahawa pale Bunda, mimi niko ndani nakunywa chai. Akashuka Idrisa.

Alikuwa amenenepa, ana kofia ya kiua na mvi kwenye ndevu. Akanikumbatia kabla sijaamua la kufanya, akaketi, akaagiza chai.

"Bwana karani! Tabitha hajambo? Anaendesha nini siku hizi?"

"Anaendesha nini kivipi?"

"Gari, bwana."

"Tabitha haendeshi gari."

Akarudisha kikombe chini. "Unanitania. Tabitha yule? Alikuwa ananidai somo lake kila Jumamosi kama mtu anayedai mshahara. Sabuni yake yote ya mgao iliishia kwangu, ndivyo tulivyopatana, somo kwa sabuni. Pale uwanjani Buhare mimi nimekaa kiti cha abiria nasoma dua, yeye anarusha gari kama mbuzi. Alikuwa anasema atabeba samaki za kaka zake kutoka Majita mpaka Mwanza, mwenyewe, asimsubiri mtu."

Akaniangalia, akapunguza sauti.

"Sasa tumekuwa watu wazima, nikwambie tu. Nilimposa. Akanijibu, Idrisa, mimi nataka usukani, dereva sina shida naye." Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Niliposikia ni wewe unalinunua Furu, nilifurahi. Nikasema alhamdulillahi, Tabitha amepata."

Utadhani nilirudi nyumbani nimepona. Sikupona. Wivu ni mjanja, mwanangu. Miaka yote ulikuwa umekaa kwenye viti, nani alikaa karibu na nani. Siku ile ukahama, ukaenda mahali pabaya zaidi. Niliona wivu kwamba mwanamume mwingine alijua mke wangu anataka nini katika dunia hii, na mimi niliyekuwa nakula naye sahani moja nilikuwa sijui. Yule mtu alivuka mpaka kwenda Mombasa anajua. Alirudi bado anajua.

Nikamkuta mama yako anachambua dagaa.

"Nimemwona Idrisa."

"Hajambo?"

"Kwa nini hukuniambia kwamba ulikuwa unajifunza kuendesha?"

Akafikiri. "Hukuniuliza."

"Nilikuuliza mara mia!"

"Uliuliza nani. Nini, hukuuliza hata siku moja." Mikono yake iliendelea na dagaa. "Na mimi nilikuwaga na kiburi. Nikasema kama mtu ananishuku, nimwache na shaka yake, siwezi kuomba radhi kwa kosa nisilokuwa nalo. Ndiyo tukapoteza gari hivyo, wewe na wivu wako, mimi na kiburi changu."

"Sasa mimi ulinikubalia nini?"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Siku ile foleni ilikucheka na wewe ukacheka nao. Nikasema mwanaume wa namna hii anaweza kuishi na mwanamke. Kumbe unao na upande mwingine."

Nikatoka uani. Hata bodi lilikuwa halipo. Lilishakatwa siku nyingi na fundi wa majiko. Palikuwa na alama ya mstatili ambapo majani yalikuwa hayajataka kuota vizuri. Nikasimama hapo kama mtu aliyekuja kuzuru. Nilimtamani Furu siku ile kuliko nilivyowahi kumtamani mtu. Nilitaka ile harufu, ule mlango mbaya, lile tundu la sakafu. Nilitaka Jumapili moja tu, nimwambie mama yako awashe, amri ikatae au ikubali. Sikuwahi hata mara moja kukaa kiti cha abiria cha Furu, Tabitha akiwa anaendesha. Idrisa amekaa. Wivu huo ninao mpaka leo, na hakuna bandari ambayo wataniletea dawa yake.

Mengine umeyaona kwa macho. Unakumbuka alivyojifunza upya, alivyoanza kwa kukodi gari kubeba sangara, tukahamia huku, akaja akanunua pikapu lake. Siku ya kwanza aliponipakia nilishika dashibodi kwa mikono yote miwili. Akaniambia, "Legeza, Baba Magesa, hatuendi vitani." Na bado nina wivu. Nina wivu na wauza barafu wanaomwita kwa jina lake. Nina wivu na hilo pikapu, analioshaga kwanza kabla hajaja kula. Tofauti ni moja: siku hizi nikishikwa, namuuliza leo amefika wapi na ameona nini, na ananiambia, na chai inarudi kuwa chai.

Sababu ya barua hii ni Jumanne iliyopita. Nilikuwa hapa hapa barazani natafuta stesheni kwenye redio, ninyi mko chumbani na dirisha liko wazi. Rehema akakwambia kwamba Singida kuna mafunzo ya kompyuta, anataka kujiandikisha. Ukamuuliza, "Nani atakufundisha?" Akasema sijui, mwalimu wa pale. "Mwanaume?" Halafu nikamsikia anasema, "Haya, basi."

Nikazima redio. Sauti iliyouliza ilikuwa yangu, imetoka kwenye koo changa. Na ile "haya" niliijua pia. Wewe ulidhani mazungumzo yamekwisha. Nilikusikia unapiga mluzi ukienda kuoga. Mimi najua "haya" ya namna ile inaweza kukaa ndani ya nyumba mpaka watoto wakakua.

Sikupangii nyumba yako. Wala sikwambii uutupe wivu. Mimi sijaweza, na damu ni moja. Ila usiuache ndio uwe unauliza maswali kwa niaba yako, maana swali lake ni lile moja tu.

Nikwambie na hili, kwa kuwa halitatoka mdomoni mwangu: hata wewe nakuonea wivu. Mkeo bado anakwambia anachokitaka. Anakuja mwenyewe, anakwambia, bila kuulizwa. Mama yako katika umri wa Rehema alikuwa ameshaacha kuniambia, na ilinichukua ujana wangu wote kusikia tena.

Nasikia honi kule kona, mmerudi. Nimalizie.

Kesho basi la Singida mtalipandia Bunda, mama yako amesema atawafikisha mwenyewe kwa pikapu lake. Rehema atakaa mbele naye. Wamepanga, nimewasikia jikoni asubuhi, kwamba tukishauacha mji, pale barabara inaponyooka na haina watu, atampa Rehema ashike usukani kidogo aonje. Kwa hiyo mimi na wewe tutapanda nyuma na magodoro. Gari litarukaruka. Utataka kugonga kioo umwambie taratibu, uulize nani kamruhusu. Ukiona mkono wangu unanyanyuka, ushike. Na mimi nitaushika wako.

Baba